Ukurasa wa Kwanza kati ya Tisa

Kiwandani walimwita Mama Bahasha, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Wapo watu ambao ukiwabandika jina la utani hununa mpaka jina lenyewe lichoke. Yeye alilivaa kama nguo ya kutokea. Alikuwa karani wa masjala katika kiwanda cha vitanda vya chuma, mwaka wa thelathini na moja sasa, na katika miaka yote hiyo hakuna barua iliyotoka mikononi mwake ikaishia kwa asiyehusika. Hata moja. Ukitaka kumwona akifura kifua, muulize hilo, kisha tafuta pa kukaa, maana jibu lake si fupi.

Alikuwa na utaratibu wake. Barua akishaikunja na kuitia ndani ya bahasha, haendi kwenye gundi. Kwanza anaisoma anwani kwa sauti, kuanzia jina la mpelekewa hadi namba ya sanduku. Halafu anaitoa barua tena, anakisoma kichwa chake kwa sauti ileile, anahakikisha bahasha na barua zinajuana, ndipo anafunga. Vijana wa ofisini wakipita mlangoni walicheka. "Mama Bahasha anasali," walisema. Naye aliwajibu bila kuinua macho: "Nasali nisije nikawapeleka kwa wakwe zenu mkiwa uchi."

Utaratibu huo alifundishwa na mwenye kiwanda, ambaye sasa ni marehemu. Kiwanda kilikuwa chini ya mwanawe, Mkurugenzi, mtu wa miaka arobaini na ushee, mchapakazi, mwenye haraka, asiyependa karatasi. Mama Bahasha alimjua tangu akiwa mtoto anayekalia meza ya masjala na kulamba stempu mpaka ulimi unakauka. Kwa hiyo alimheshimu kama bosi na kumvumilia kama mtu anavyomvumilia mtoto wa kumzaa.

Cha kuvumilia kilikuwepo. Mkurugenzi alikuwa amekileta kiwanda kwenye barua pepe, jambo jema, ila aliileta na tabia zake. Tabia ya kwanza: hakuna mtu katika ofisi ile aliyeanza barua mpya. Ukitaka kumwandikia mtu, unatafuta barua yoyote ya zamani, unabonyeza pa kujibu, unaandika ya kwako juu yake, unabadilisha majina ya wapelekewa, unatuma. Mkurugenzi alisema ukurasa mtupu unamtia uvivu, na kwamba hivi mambo yote yanakaa mahali pamoja. Bosi akipiga chafya, ofisi nzima inatoa leso. Basi kila barua pepe ya kiwanda ilitoka na mkia: chini ya maneno ya leo kuna ya jana, chini ya ya jana kuna ya mwezi uliopita, na chini kabisa pengine kuna mtu anayemwombea mwenzake ruhusa ya kwenda msibani mwaka juzi.

Tabia ya pili ilizaliwa na ya kwanza. Kila barua iliyotoka ilipaswa kuchapishwa na nakala yake kuwekwa faili. Lakini mikia ile ilikula karatasi kama mchwa, na Mkurugenzi akaamuru uchapishwe ukurasa wa kwanza tu.

"Barua ni barua mpaka neno lake la mwisho, bosi," Mama Bahasha alimwambia siku ile.

"Mama, huko chini ni takataka. Nani anasoma?"

Alisema sawa. Alianza kuweka ukurasa wa kwanza peke yake, na kila alipotoboa karatasi moja pale palipostahili kutobolewa kumi, alijiona kama anazika mtu nusu.

Mwaka huo ikaja zabuni ya vitanda vya hospitali. Vipengele kumi na vinne: fremu, godoro, kabati la pembeni, nguzo ya kutundikia dripu, reli za ubavuni, gurudumu la akiba, na vingine vya aina hiyo, kila kimoja na mshindi wake. Mhasibu Mkuu alipanga bei, Mkurugenzi akazipitisha, Mama Bahasha akazipiga chapa, akazifunga kitabu, akatia ndani ya bahasha mbili, moja ndani ya nyingine, akayeyusha lakiri nyekundu juu ya mishono na kugonga mhuri ikiwa bado ya moto. Bahasha hiyo aliipeleka mwenyewe mpaka kwenye sanduku la zabuni. Alisimama pale mpaka aliposikia imegota chini.

Siku ya kufungua masanduku alikwenda tena, na daftari lake dogo. Walikaa kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wenye feni moja, na afisa mmoja mwenye koo la kutangazia akasoma bei za kila mshindani kwa sauti. Mama Bahasha aliandika zote. Za kwao zilipokwisha zikaja za kiwanda cha pili cha vitanda, kile kilichoko mwisho wa barabara hiyohiyo, na hapo masikio yakaanza kumwaka moto. Fremu, chini ya yao kidogo. Godoro, chini ya yao kidogo. Kabati, nguzo, reli, kidogo, kidogo, kidogo, kama mtu aliyekata kitambaa akifuatisha ukingo wa kitambaa cha mwenzake. Ni kipengele kimoja tu walichoshindwa wale jamaa, cha gurudumu. Bei yao ya gurudumu ilikuwa ya ajabu hata ukumbi ukacheka. Gurudumu moja lilikuwa ghali kuliko godoro.

Mama Bahasha hakucheka. Aliandika.

Kesho yake asubuhi aliitwa. Mkurugenzi alikuwa nyuma ya meza, Mhasibu Mkuu amesimama dirishani. Mhasibu alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati, zote zinaandika, na alipenda watu wajue kuwa zote zinaandika.

"Keti, Mama," Mkurugenzi alisema.

Hakuketi.

"Bei zile zilijulikana na watu watatu," Mhasibu alianza. "Bosi, mimi, na wewe. Bosi hawezi kujiibia mwenyewe. Na mimi ningetaka kuuza bei za kiwanda hiki, ningekuwa nimeshajenga ghorofa."

"Kwa hiyo umenibakiza mimi."

"Sijasema. Nasema tu, kikulacho ki nguoni mwako. Wifi yako anafanya kazi wapi?"

Hapana aliyekuwa hajui. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa mhazili wa mkurugenzi wa kile kiwanda cha mwisho wa barabara, na walikaa ua mmoja.

"Anapofanya kazi wifi yangu mnapajua," Mama Bahasha alisema, "kwa sababu niliwaambia mimi mwenyewe, kwa maandishi, wiki ileile aliyoajiriwa. Barua ipo kwenye faili langu. Ukurasa wa arobaini na mbili."

"Barua haizibi mdomo," Mhasibu alisema.

Mkurugenzi alikuwa akitazama meza. "Mama, mimi sikushuku. Lakini bodi wanauliza, na sina la kuwaambia. Leo Jumanne. Ikifika Ijumaa bila maelezo mengine, itabidi ustaafu mapema. Hatutasema sababu."

"Msiposema sababu, watu watajisemea," alisema. "Na watakachosema ndicho kitakachoandikwa kwenye paji la uso wangu mpaka kaburini."

"Naomba funguo za masjala."

Alizifungua kutoka kwenye kamba ya kiunoni. Funguo nne. Aliziweka mezani moja moja, akitaja ya mlango, ya kabati, ya sanduku la mhuri, ya dirisha. Kisha akatoka na mgongo wake umenyooka, akapita katikati ya meza za vijana ambao siku hiyo hakuna aliyemtania, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Nyumbani mumewe alikuwa barazani na cherehani yake. Alikuwa fundi wa suti, mpole, mtu wa kupima mara tatu kabla ya kukata, hata maneno. Alisikiliza mpaka mwisho, guu lake likiwa limetulia juu ya kikanyagio.

"Sasa tabu iko wapi?" alisema. "Dada yangu yupo hapo upande wa pili wa ua. Yeye ndiye anayefungua barua zote za bosi wake. Muulize bei zilifikaje kule. Neno moja tu."

"Siulizi."

"Mke wangu, wanakutoa kazini kwa aibu!"

"Wananitoa kwa kosa la kupeana siri na wifi yangu. Nikimuuliza, nitakuwa nimelifanya."

Hapo ijulikane jambo moja. Miaka kumi na minane nyuma, wifi alipopata kazi kule, wanawake hao wawili walikaa jikoni na kuwekeana ahadi: kazi inaishia mlangoni, pamoja na viatu. Siyo bei, siyo mteja, siyo hata bosi ameamka na kisirani. Na waliishika. Ghala la kiwanda cha wifi lilipoungua, Mama Bahasha alizisikia habari sokoni, akarudi nyumbani, akamkuta wifi yake na masizi kwenye nyusi, akampa maji ya kuoga, asiulize kitu. Mawifi wa watu wengine wanagombania ndugu, sufuria na gubu la kurithi. Hawa waligombania kila kitu duniani, kuanzia kamba ya kuanikia nguo, ila hilo hawakulichezea. Mama Bahasha alijivunia ahadi ile kama wengine wanavyojivunia nyumba.

Jioni wifi alirudi. Kwa kawaida akiingia uani lazima arushe neno: wifi umenenepa, wifi umekonda, wifi huyo kaka yangu unamlisha nini mbona anafanana na sindano yake. Jioni ile alisalimia, akachota maji, akaingia chumbani kwake. Habari zilikuwa zimeshafika mwisho wa barabara, bila shaka, habari za namna hiyo hazina mguu mbovu. Lakini kwa wifi yule kukosa utani kulikuwa sawa na homa, na Mama Bahasha alimwangalia akipita, akaona jinsi alivyokuwa akiangalia chini, akayaweka hayo moyoni.

Siku ya pili yake, Jumatano, alikwenda kazini kama kawaida. Hawakujua wamweke wapi, wakampa kiti cha mapokezi, karibu na mtungi wa maji. Alikaa hapo na mkoba mapajani kama mgeni anayesubiri kuonana na mtu. Watu walikuja kunywa maji wakiwa hawana kiu, wapate kumtazama. Akatoa daftari lake la siku ya zabuni, maana mikono yake haikuzoea kukaa bure, akaanza kupitia zile bei upya.

Fremu. Godoro. Kabati. Alipofika kwenye gurudumu akasimama.

Gurudumu ghali kuliko godoro. Neno hilo aliwahi kulisema yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla ya ukumbi ule kucheka. Wiki ileile ya kuandaa zabuni, siku ya Alhamisi, Mhasibu alipomletea karatasi ya bei apige chapa, alikuta bei ya seti ya magurudumu manne imeandikwa kuwa ya gurudumu moja. Akamwita. "Mhasibu, gurudumu moja linakuwaje ghali kuliko godoro?" Mhasibu akaona haya, akachomoa kalamu mojawapo kati ya zile tatu, akakata, akaandika bei sahihi papo hapo kwa mkono. Hivyo bei iliyoingia kwenye bahasha ilikuwa sahihi. Ndiyo maana kiwanda kilishinda gurudumu, kitu pekee walichoshinda.

Lakini wale wa mwisho wa barabara walikuwa wameweka bei yao chini kidogo ya ile yenye kosa. Mtoto anayenakili mtihani wa jirani huiba na makosa. Aliyewapa bei hakuwahi kuiona karatasi ya Mama Bahasha. Aliona ile ya Mhasibu, kabla haijasahihishwa. Na ile ya Mhasibu, kabla ya kufika masjala, ilisafiri njia moja tu: alimtumia Mkurugenzi kwa barua pepe, Jumanne ya wiki ile.

Aliinuka pale kwenye mtungi wa maji.

"Mhasibu," alisema mlangoni mwa ofisi yake, "naomba faili la barua zilizotoka, wiki ile tuliyoandaa zabuni. Sitalishika. Lishike wewe, nifungulie mimi nisome."

Mhasibu alilileta, akiwa amelibana kwapani kama vile lingeporwa. Alilifungua juu ya meza. Mama Bahasha akaweka mikono nyuma na kuinama. Jumatatu, hakuna. Jumanne asubuhi, oda ya rangi. Jumatano, barua ya Mkurugenzi mwenyewe kwa majirani na wateja wote: lango kuu litafungwa siku tatu kwa matengenezo, tafadhalini tumieni lango la nyuma, samahani kwa usumbufu. Mistari mitano na jina lake chini. Na pembeni kabisa, kwa maandishi madogo ambayo printa huyaweka yenyewe bila kuombwa: Ukurasa wa 1 kati ya 9.

"Mhasibu," alisema polepole, "mistari mitano inajazaje kurasa tisa?"

Mhasibu aliangalia. Akaangalia tena. Kisha akalifunga faili taratibu.

Walikwenda wote wawili kwa Mkurugenzi. Mama Bahasha hakupayuka. Angeweza; ukumbi wote wa ofisi ulikuwa na masikio, na Mungu anajua alikuwa na haki. Badala yake alifunga mlango nyuma yake.

"Bosi, naomba uifungue ile barua yako ya lango. Ile uliyotuma, siyo nakala yangu. Halafu ushuke chini."

"Chini wapi?"

"Kwenye takataka."

Mkurugenzi alifungua. Akashuka. Chini ya lango, chini ya samahani kwa usumbufu, ilikuwepo barua ya Mhasibu ya Jumanne: Bosi, bei za zabuni hizi hapa, ni siri, naomba uzipitishe. Na chini yake jedwali lote, vipengele kumi na vinne, gurudumu likiwa ghali kuliko godoro. Alikuwa ametafuta barua ya kudandia, akadandia iliyokuwa karibu. Mkurugenzi akapanda tena juu kwenye orodha ya wapelekewa. Majina sitini na mbili. La kumi na tisa lilikuwa la mkurugenzi wa kile kiwanda cha mwisho wa barabara, jirani mwema, ambaye naye malori yake hupita lango lile.

Nje mtu alikuwa akisukuma fremu kwenye sakafu ya saruji, na sauti yake ilisikika mpaka ilipofika mwisho wa karakana.

"Ni mimi," Mkurugenzi alisema.

Nyani, wanasema, haoni nyuma yake. Huyu angalau alipogeuzwa aliangalia. Uso wake ulikuwa umeporomoka, na Mama Bahasha akamwona tena yule mtoto wa stempu, siku aliyobandika stempu za barua ya ndani ya nchi kwenye kifurushi cha ng'ambo akalia. Alitaka kumwonea huruma. Akajizuia, maana huruma ikija mapema hula haki ya mtu.

"Si mara ya kwanza kutuma mkia, bosi," alisema. "Ni mara ya kwanza mkia kuuma."

Mkurugenzi alifungua droo, akatoa funguo nne, akazisogeza mbele. "Mama, nisamehe. Chukua. Rudi masjala sasa hivi."

Hakuzigusa.

"Nilitajwa ndani ya chumba hiki kuwa mimi ndiye. Wifi yangu naye alitajwa. Mimi nipo hapa nimejitetea. Yeye hayupo, na jina lake lilipita humu likakanyagwa. Nataka barua mbili. Moja yangu, moja yake. Useme bei zilitokaje na nani alizitoa."

"Nitawatumia leo hii kwa barua pepe."

Mhasibu alikohoa. Mkurugenzi akasikia alichokisema mwenyewe, akafumba macho.

"Ya karatasi, bosi," Mama Bahasha alisema. "Na sahihi yako."

Mkurugenzi akaanza kuandika pale pale. Mkono wake kwa mazoea ulikwenda kwenye zile barua za zamani, ukatafuta ya kudandia. Ukasimama katikati. Kisha akafungua ukurasa mtupu, mweupe, wenye kijistari kimoja kinachopepesa juu pembeni, akautazama kwa muda mrefu kama mtu anayetazama mto anaopaswa kuuvuka kwa miguu. Mama Bahasha alisubiri. Alikuwa na subira ya miaka thelathini na moja. Mkurugenzi akaandika, akafuta, akaandika tena, na alipomaliza barua ilikuwa fupi na haikumwonea mtu haya: kwa uzembe wangu mwenyewe, si wa mtu mwingine yeyote, nilituma bei zetu za siri kwa watu sitini na mbili, nanyi wawili mlishukiwa bila kosa, na ninaomba radhi. Mhasibu aliomba kuongeza sahihi yake chini. Mama Bahasha alimruhusu. Alitumia kalamu ya pili. Ya kwanza, kwa maajabu ya Mungu, iligoma.

Ndipo akachukua funguo.

Masjala alikuta vumbi la tangu jana. Aliketi, akakunja barua ya wifi, akaitia ndani ya bahasha. Akaisoma anwani kwa sauti. Akaitoa barua, akakisoma kichwa chake kwa sauti. Alipoinua macho Mkurugenzi alikuwa mlangoni, na nyuma yake vijana wanne watano. Hakuna aliyesema Mama anasali. Alifunga bahasha, akayeyusha lakiri ingawa barua ile haikuhitaji lakiri, akagonga mhuri wa kiwanda kwa nguvu mpaka kikombe cha kalamu kikaruka. Sifichi, alijisikia mkubwa kuliko jengo.

"Kuanzia kesho," Mkurugenzi alisema kutoka mlangoni, "kila barua inayotoka itaanza upya. Na nakala yake yote iwekwe faili. Mpaka neno la mwisho."

"Sawa, bosi," alisema Mama Bahasha, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa jambo jipya.

Vitanda vilishakwenda, hilo halikurudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Kiwanda kilibaki na gurudumu lake moja, na karakana nzima ikajua ni jicho la nani lililoliokoa.

Jioni aliikuta familia uani, mumewe akikunja utepe wake wa kupimia, wifi akianua nguo kutoka kwenye ile kamba ya ugomvi. Alikwenda moja kwa moja akampa wifi yake bahasha, mikono miwili.

"Barua yako. Imetoka kazini kwangu, lakini haina siri."

Wifi aliitazama lakiri, akaitazama tena. Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akavunja lakiri, akasoma. Alisoma mara mbili. Halafu akajifunika uso kwa barua ile, na mabega yake yakaanza kutikisika, na mume wa Mama Bahasha, ambaye huogopa machozi kuliko deni, akajifanya anatafuta mkasi.

"Wifi," alisema yule mhazili, barua ikiwa bado usoni, "nilikuwa najua."

"Mm."

"Tangu siku ya kwanza. Kabla hata ya zabuni. Nilikuwa najua, na nikasikia wamekutuhumu, na nikaja hapa nikachota maji." Akashusha barua. "Usiku wa kuamkia leo niliinuka mara mbili nije nikugongee. Nilikuwa nangoja uniulize, wifi. Ungeniuliza mara moja tu, ningekwambia yote."

"Nililiona hilo, jana ulipopita hapa hujanitania," Mama Bahasha alisema. "Ndiyo maana sikukuuliza."

Mumewe alisimama na mkasi ambao haukuwa umepotea, akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Nyinyi wawili ni wazimu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisifia mali.

Wifi alifuta macho kwa upindo wa shati la kaka yake alilokuwa ameanua, akasimama, akampima Mama Bahasha kutoka kichwani hadi miguuni.

"Na umekonda," alisema. "Kaka yangu hakulishi?"

Mama Bahasha alicheka mpaka akashika kamba ya nguo, na siku hiyo hakuna aliyemwambia aiachie.